Uzi: Asili ya neno "shibboleth", suke la nafaka lililogeuka hukumu ya kifo

Mnazi_Mkinda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wenzetu waliosoma vyuo vya Ulaya au Marekani wengi wamekutana na neno hili bila kulitilia maanani. Unataka kufungua jarida la kitaaluma, ukurasa unakwambia uingie kwa "Shibboleth", unachagua chuo chako, unaweka nywila, unaendelea na kazi. Ni programu ya utambulisho iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000 chini ya Internet2, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Marekani. Nilipotaka kujua kwa nini programu ya maktaba ipewe jina gumu namna ile, nilifikishwa kwenye kivuko cha mto Yordani na maiti 42,000.

Kisa kiko kwenye Biblia, Waamuzi sura ya 12. Yeftha Mgileadi ametoka kuwapiga wana wa Amoni. Watu wa Efraimu wanamjia juu: kwa nini ulikwenda vitani bila kutuita? Tutakuchomea nyumba na wewe ukiwa ndani. Vita vikazuka kati ya ndugu kwa ndugu, maana hawa wote ni wana wa Israeli, Mungu wao mmoja, lugha yao moja. Efraimu wakashindwa, wakataka kurudi kwao ng'ambo ya mto. Wagileadi wakawahi vivuko. Kila aliyefika na kuomba kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, anaambiwa atamke "Shibolethi". Waefraimu sauti ile ya *sh* ilikuwa inawashinda, wakasema "Sibolethi". Aliyesema hivyo alikamatwa na kuuawa palepale.

Tazama jinsi mtihani ulivyokuwa. Hakuulizwa imani yake wala jina la babake. Sura, mavazi, silaha, vyote vilifanana. Kilichobaki kuwatenganisha ni herufi moja mdomoni.

Na neno lenyewe halina ubaya wowote. Kwa Kiebrania *shibboleth* ni suke la nafaka. Lina maana ya pili pia, mkondo wa maji au gharika, kama lilivyotumika katika Zaburi ya 69 pale mwenye kuomba anapolalamika kwamba maji yamemfunika. Wataalamu wamebishana muda mrefu Wagileadi walikusudia maana ipi. Wapo wanaochagua mkondo kwa sababu watu walikuwa mtoni. Kwa maoni yangu ubishi huo haugusi kiini, kwa kuwa pale kivukoni maana haikuwa na kazi. Wangeweza kutumia neno lolote lenye sauti ile.

Kiingereza kililichukua neno kutoka kwenye Biblia, na kufikia karne ya 17 lilikuwa limeshatoka kwenye habari za Yeftha na kutumika kwa jambo lolote linalofichua mtu ni wa kundi gani: matamshi, mavazi, namna ya kula, msimamo. Baadaye likaongeza maana nyingine ambayo nitaigusa wadau wakichangia.

Nakaribisha michango, hasa ya wanaojua Kiebrania na Kiarabu.

Bin_Kitabu

Ahsante sana ndugu yangu, umeleta jambo. Naongezea upande wa Kiarabu.

*Shibboleth* ya Kiebrania na *sunbula* ya Kiarabu ni ndugu wa damu, zote maana yake suke. Msomaji wa Qur'ani anaijua: katika Sura Yusuf, mfalme wa Misri anaota ng'ombe saba wanono wanaliwa na saba waliokonda, na masuke saba mabichi na mengine makavu. Neno la "masuke" pale ni *sunbulat*. Ndoto hiyohiyo ya Farao katika Mwanzo 41 kwa Kiebrania inasema *shibbolim*. Kwa hiyo neno lililowaua Waefraimu ndilo lililomtoa Nabii Yusuf gerezani, amani iwe juu yake, na kuiokoa Misri na njaa. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unabaki unatafakari.

Jingine. Wazee wetu wa unajimu pwani wana buruji kumi na mbili: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, kisha Mashuke. Waarabu buruji hiyo wanaiita as-Sunbula. Nyota yake inayong'aa kuliko zote Wazungu wanaiita Spica, ambayo ni Kilatini, na maana yake ni suke vilevile. Kumbe ukisema "nyota yangu Mashuke" unalitaja neno la uzi huu kwa njia ya mzunguko.

Na sasa sikilizeni. Kwa Kiswahili ni suke au shuke? Biblia imeandika masuke. Wanajimu wanasema Mashuke. Kamusi zinakubali yote mawili. Yaani neno letu la kitu kilekile lina mlango wa *s* na mlango wa *sh*, na Waswahili wanapita popote bila kuulizwa na mtu.

Mnazi_Mkinda

Shekhe, hilo la suke na shuke limenipita kabisa. Nimelisoma nikasimama. Mungu akuzidishie.

Kaskazi_Mwanza

Samahani wakuu, naomba nieleweshwe. Tofauti yake na nywila au neno la siri la walinzi ni nini? Maana hata jeshini usiku unaulizwa neno, usipolijua unapigwa risasi.

Mnazi_Mkinda

Swali zuri mkuu, na ndipo watu wengi wanapochanganya, hata Waingereza wenyewe.

Nywila ni siri. Nguvu yake yote ni kwamba wewe huijui. Nikikunong'oneza, umeshavuka. Shibboleth si siri hata kidogo. Mlinzi anakutajia neno lenyewe kwa sauti, anakwambia rudia. Unalijua, unalisikia, unajua hata kwamba hapo ndipo roho yako ilipo, na bado ulimi unakusaliti, kwa sababu ulifundishwa na mama yako kabla hujajua kuna Wagileadi duniani. Nywila hupima unachokijua. Shibboleth hupima ulikolelewa.

Ndiyo maana naona waliotengeneza ile programu ya vyuo walichagua jina kwa kuangalia wazo la kutambulishwa tu. Kiutendaji ile inaomba nywila kama programu nyingine yoyote.

Mwalimu_Isimu

Nami niseme kidogo, kwa kuwa ni fani yangu.

Je, Waefraimu hawakuwa kabisa na *sh*? Msomi E. A. Speiser alipendekeza mwaka 1942 kwamba huenda mambo yalikuwa kinyume: Wagileadi ndio waliokuwa na sauti ya kale, *th* kama ya "thamani", na Waefraimu hawakuwa nayo, wakatoa iliyo karibu. Nadharia hiyo imepingwa, kwa sababu historia ya neno hili haionyeshi kuwa lilianza na *th*. Ila Mswahili anaielewa haraka kuliko Mzungu. Wangapi kati yetu wanasema "samani ya nyumba" wakikusudia thamani, au "zambi" badala ya dhambi? Aliyekulia Unguja au Mombasa masikio yanamsimama mara moja. Anajua huyu ametoka bara, lugha ya kwao haina *th* wala *dh*. Hakuna aliyemfundisha kusikiliza hivyo.

Mifano ya baada ya Biblia ni mingi. Sicilia mwaka 1282, wenyeji walipowaasi Wafaransa, inasimuliwa kwamba mtu aliambiwa ataje dengu kwa lugha ya pale, *ciciri*, na Mfaransa alishindwa. Bruges mwaka 1302, Wafaransa tena, na maneno ya Kiflandi. Uholanzi Mei 1940, Wajerumani walipovamia, jina la Scheveningen, kitongoji cha pwani cha The Hague, lilitumika kuwanasa wapelelezi. Hizi nyingine zimetiwa chumvi na wasimulizi, kwa hiyo sizitegemei sana.

Inayoniumiza ni ya Japani, kwa sababu si hadithi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa liliangusha Tokyo na Yokohama, moto ukamaliza kilichobaki. Ukazuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Raia wakajipanga vikundi vya doria barabarani, wakawa wanasimamisha wapita njia na kuwaambia watamke "yen 15 na sen 50", *jūgoen gojissen*. Kikorea hakianzi neno kwa sauti nzito za *j* na *g* kama Kijapani, kwa hiyo Mkorea alizitoa nyepesi. Maelfu waliuawa. Na siku chache baadaye, katika kijiji cha Fukuda mkoani Chiba, wachuuzi wa dawa kutoka Kagawa walisimamishwa. Lafudhi yao ya mbali haikueleweka. Wakauawa watu 9, watoto wakiwemo. Wote walikuwa Wajapani.

Dada_wa_Kilwa

Inna lillahi. Kwa hiyo mtihani huo hata kwa kipimo chao wenyewe ulikuwa batili.

Mwalimu_Isimu

Ndiyo dada. Sauti inasema mtu alijifunza kusema wapi na kwa nani. Haisemi uraia wake, na wala haisemi kosa lake.

Mtihani wa ulimi unaotajwa zaidi katika karne ya 20 ni wa Jamhuri ya Dominika, Oktoba 1937. Dikteta Trujillo aliamuru Wahaiti walioishi mpakani wauawe. Jeshi lilitumia zaidi mapanga. Inasimuliwa kwamba askari alishika tawi la *perejil*, jani la kuungia mboga la jamii moja na giligilani, akauliza: hiki ni nini? Mhaiti aliyezoea *r* ya kooni ya Kikrioli, na asiyezoea *j* ya Kihispania ambayo ni kama *kh* yetu, alijulikana. Hadi leo mauaji hayo yanaitwa kwa jina la jani hilo. Wengi waliuawa wakijaribu kuvuka mto Dajabón, uitwao pia Massacre, jina ulilokuwa nalo tangu zamani kabla ya damu hiyo. Kivuko tena, kama Yordani.

Ila wanahistoria waliochunguza, akiwemo Richard Turits, wanaonyesha kwamba watu wengi wa mpakani wenye asili ya Haiti walizaliwa upande wa Dominika na walijua Kihispania vizuri. Waliishi na Wadominika, wakaoana nao. Kwao *perejil* haikuwa tatizo, na waliuawa hivyohivyo. Simulizi ya jani inawapendeza wenye mamlaka kwa sababu inafanya ionekane kwamba kulikuwa na mataifa mawili yasiyofanana yaliyotenganishwa na ulimi, wakati ukweli ni kwamba serikali iliamua kuwatenganisha majirani kwa nguvu. Baadaye serikali ya Trujillo ilikubali kuilipa Haiti dola 750,000, zikapunguzwa zikawa 525,000. Waathirika waliambulia kidogo mno.

Mtoto_wa_Lubumbashi

Salamu kwenu ndugu kutoka Katanga. Sisi huku tunasema *batu*, tunasema *bintu*, mahali ni *fasi*. Ni Kiswahili chetu, nimezaliwa nacho. Nikishuka Dar es Salaam kununua bidhaa, nikifungua mdomo tu bei inapanda. Hainiumizi sana, biashara ni biashara. Lakini nimesoma habari hizi nikakumbuka kwamba kwetu pia vimetokea vipindi watu walitafutwa kwa asili zao, na mtu alikuwa anapima maneno kabla ya kusalimia. Sitaki kwenda mbali zaidi ya hapo. Nashukuru kwa uzi.

Mnazi_Mkinda

Pole sana kaka, na karibu. Kiswahili chako ni Kiswahili.

Bint_Faza

Assalaam alaykum. Mie ni mkalimani, niko Uingereza miaka mingi, asili yangu ni visiwa vya Lamu. Nimeusoma uzi wote kwa sababu hii shibboleth ndiyo kazi yangu ya kila siku, ila haiitwi hivyo.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia Januari 1991, Wabajuni walikuwa miongoni mwa waliopata taabu kubwa. Hawa ni watu wa visiwa vilivyo kusini ya Kismayu, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, mpaka upande wa Kenya. Wavuvi, hawana jeshi la kabila la kuwalinda. Wengi walikimbilia Kenya kwa majahazi, wakakaa makambini karibu na Mombasa, na baadhi wakafika Ulaya kuomba hifadhi. Hawana pasipoti, hawana cheti cha kuzaliwa, nchi yao haina ofisi ya kutoa hivyo. Sasa afisa wa uhamiaji atajuaje kwamba huyu ni Mbajuni wa Somalia na si mtu wa Malindi anayetafuta maisha?

Wakaja na kipimo cha lugha. Sweden ilianza mambo haya miaka ya 1990, nchi nyingine zikafuata. Unapigiwa simu, unazungumza na mtu usiyemwona, mara nyingi haifiki nusu saa. Unaulizwa kwenu kuna samaki gani, jirani zenu nani, arusi mwafanyaje. Mazungumzo yanarekodiwa, wachambuzi wanasikiliza, wanaandika: kwa kiwango fulani cha uhakika, lugha ya mtu huyu ni ya kusini ya Somalia, au ni ya Kenya.

Kibajuni kina alama zake, hilo halikataliki. Nyinyi mwasema mtu, Mbajuni asema *mchu*. Kimvita *ndoo* na *ndia*, nyinyi mwasema njoo na njia. Kiamu twasema *mai*, nyinyi maji. Mwenye sikio anasikia. Lakini fikirini mtoto aliyetoka Chula akiwa na miaka mitano, akalelewa kambini Mombasa, akacheza na kusoma na watoto wa Mombasa. Atasema vipi? Atasema Kimvita. Na akisikia kwenye simu sauti ya mtu wa heshima azungumzaye Kiswahili cha redio, naye atajitahidi kusema Kiswahili cha redio, kwa sababu ndiyo adabu tuliyofundishwa: mgeni huzungumza naye kwa lugha aielewayo. Ile adabu ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti kuwa ni ushahidi kwamba amedanganya.

Mwaka 2010 mahakama ya rufaa za uhamiaji Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyejitambulisha kuwa Mbajuni. Ripoti ya lugha ilisema Kiswahili chake ni cha Kenya, na mahakama ikaipa ripoti ile uzito mkubwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine za waliosema wametoka Somalia, ikaweka mipaka: ripoti hizi zinakubalika, lakini mchambuzi abaki kwenye utaalamu wake wa lugha, asijipe kazi ya kuamua kama mtu ni mkweli au muongo, na jaji asizimeze bila kuzichunguza. Tulifarijika.

Wanaisimu wenyewe walishatoa mwongozo tangu Juni 2004, wakasema uchambuzi ufanywe na aliyesomea isimu, na kuwa mzungumzaji mzawa peke yake hakutoshi. Na kwamba lugha huonyesha mtu alilelewa katika jamii gani, si taifa lake. Profesa Derek Nurse, ambaye amekitafiti Kibajuni, naye amejihusisha na kesi za Wabajuni kwa miaka.

Mie sisemi kipimo kifutwe. Nimeshaona mara nyingi Kibajuni kikimwokoa mtu aliyekuwa hana karatasi hata moja. Ninachotaka ni muda zaidi wa kuzungumza, Mbajuni upande wa pili wa simu, na swali la kwanza liwe: umeishi wapi, na nani, tangu lini?

Dada_wa_Kilwa

Dada Bint Faza, Mungu akupe nguvu. Na je, mtu akikataliwa kwa ripoti hiyo anaweza kuleta mtaalamu wake?

Bint_Faza

Anaweza, kupitia wakili wake. Tatizo ni kuwapata. Wanaisimu wanaokijua Kibajuni cha visiwa ni wachache mno, na hata visiwani kwenyewe wasemaji wanapungua kwa vita na kuhama. Watoto wa diaspora nyumbani wanasikia Kibajuni cha bibi, Kisomali, Kimvita na Kiingereza kwa pamoja. Nawaomba walio na wazee hai: warekodini. Hadithi, nyimbo za kuvuta nyavu, majina ya pepo na samaki. Hayo yanatumika kortini, si makumbusho tu.

Kaskazi_Mwanza

Nimejifunza mengi. Mleta uzi, ulisema kuna maana nyingine ya Kiingereza ukaiacha.

Mnazi_Mkinda

Kweli mkuu, naimalizia, na fupi tu, kwa sababu baada ya maneno ya Bint Faza naiona nyepesi.

Kwenye magazeti ya Kiingereza leo utakutana na *shibboleth* zaidi kwa maana ya kauli au imani ya zamani ambayo kundi linairudia kwa mazoea, ingawa wengi hawaipimi tena kama ni kweli. Mwandishi akisema chama fulani kinashikilia "old shibboleths", anamaanisha nyimbo za chama zilizochuja. Maana hii ilizaliwa na ile ya kwanza: ukishalitamka neno ili ujulikane ni mwenzetu, haijalishi tena lina nini ndani.

Katikati ya maana hizo mbili kuna ya kitabaka. Mwaka 1954 Alan Ross, profesa wa isimu Birmingham, aliandika juu ya maneno yanayowatenganisha Waingereza wa tabaka la juu na wengine. Wa juu kitambaa cha mezani anakiita *napkin*, wa kati anayejitahidi anasema *serviette*. Ajabu ni kwamba neno linaloonekana la kistaarabu zaidi ndilo linalomfichua mtu.

Na mwaka 2007 msanii wa Colombia, Doris Salcedo, alipasua ufa wa urefu wa mita 167 kwenye sakafu ya jumba la sanaa la Tate Modern, London, akauita Shibboleth. Alizungumzia wahamiaji na ubaguzi, mstari usioonekana unaomtenga anayeingia Ulaya. Mwaka uliofuata ufa ulizibwa kwa saruji, lakini kovu linaonekana sakafuni.

Mwalimu_Isimu

Kwa wanaofasiri: kwa maana ya matamshi yanayomtambulisha mtu napendekeza "kitambulisho cha ulimi". Kwa kauli zilizochakaa, "kaulimbiu mfu" inatosha. Kwenye habari za Yeftha acheni Shibolethi ilivyo, msiiguse, maana ukiitafsiri "suke" kisa chote kinaanguka. Bint Faza, nakutumia ujumbe wa faragha kuhusu kurekodi wazee. Nina wanafunzi wenye vifaa na moyo wa kazi hiyo.

Bint_Faza

Nimeupata ujumbe, mwalimu. Nimekupa namba ya mjomba wangu aliyeko Mombasa. Mpigieni baada ya Alasiri, asubuhi yuko baharini.